Aina za Vyuo na Ngazi za Wanataaluma Wake

Elimu ya baada ya sekondari nchini Tanzania ina wasimamizi wawili wakuu. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Vyuo vya ufundi na vya kati, pamoja na taasisi nyingi ambazo hazikuanzishwa kama vyuo vikuu, viko chini ya baraza linalojulikana kwa kifupi NACTVET, ambalo hadi miaka michache iliyopita liliitwa NACTE. Mgawanyo huu ndio unaoeleza mengi yanayowachanganya wazazi: kwa nini chuo chenye maghorofa katikati ya Dar es Salaam hakiitwi chuo kikuu ilhali kinatoa shahada, na kwa nini kingine chenye wanafunzi wachache kinaitwa chuo kikuu. Ukubwa wa majengo hauhusiki. Kinachohusika ni nani amekipa chuo idhini ya kutoa tuzo, na tuzo hizo ni za kiwango gani.

Upande wa NACTVET, tuzo zimepangwa kwa namba kuanzia 1 hadi 10. Ngazi ya 1 hadi ya 3 ni za ufundi stadi, zile ambazo kijana anayejifunza umeme wa majumbani, useremala au ufundi magari huzipata katika vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, na vyuo binafsi vya aina hiyo. Ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu. Kutoka hapo njia inakutana na ile ya vyuo vikuu: ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni uzamili, ya 10 ni uzamivu. Aliyeanzia chini kabisa anaweza, kwa mujibu wa mpangilio huo, kupanda hadi juu bila kupita kidato cha sita. Ni safari ndefu, lakini mlango haujafungwa.

Vyuo vya kati ndivyo vinavyotoa wafanyakazi ambao wananchi hukutana nao zaidi. Ofisa tabibu anayempokea mgonjwa kwenye kituo cha afya, muuguzi wa zamu na mwalimu wa shule ya msingi, wengi wao ni wahitimu wa vyuo hivi. Vipo vyuo vya ualimu vyenye sifa ya miaka mingi kama Butimba mkoani Mwanza, Korogwe mkoani Tanga na Mpwapwa mkoani Dodoma; Patandi, mkoani Arusha, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Anayefundisha katika vyuo hivi kwa kawaida ni mkufunzi, na kazi yake hupimwa kwa ufundishaji na usimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Hadaiwi makala za utafiti. Kando ya hivyo kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa kuiga mfano wa Sweden, ambavyo lengo lake la awali halikuwa cheti bali stadi za maisha kwa watu wazima wa vijijini.

Kundi linalowachanganya watu zaidi ni la taasisi. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianza mwaka 1965. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianza mwaka 1972. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, mizizi yake ni chuo cha ufundi cha mwaka 1957. Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1963 ili kuandaa Waafrika watakaoshika usimamizi wa hifadhi baada ya wakoloni kuondoka. Vyote vilikuwa na kazi mahususi, kuipatia serikali na mashirika ya umma watu wa fani fulani: wahasibu, maofisa ugavi, mafundi sanifu, wahifadhi.

Kwa miaka mingi tuzo kubwa ya taasisi kama IFM ilikuwa stashahada ya juu. Ilisomwa kwa miaka mitatu, masomo yake yalikuwa magumu, na waajiri waliipenda. Lakini mwenye nayo alipotaka kusoma shahada ya uzamili alikumbana na swali lile lile: je, hii ni sawa na shahada au siyo? Jibu lilitegemea anayeulizwa. Ubishi huo ulipungua taasisi zilipogeuza stashahada zao za juu kuwa shahada, na leo mhitimu wa IFM au CBE ana shahada kamili ingawa hakusoma chuo kikuu. Wahadhiri wa huko nao hupanda vyeo kwa ngazi zinazofanana na za vyuo vikuu.

Historia ya vyuo vikuu vyenyewe inaanzia nje ya mipaka ya Tanzania. Makerere, Kampala, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kufikia mwaka 1949 ilikuwa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za London. Dar es Salaam ilifuata njia hiyo hiyo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi ambao wangeenea kwenye daladala moja. Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Muungano huo ulidumu miaka saba. Julai 1970 kila nchi ilichukua chuo chake, na kile cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyerere, na makamu wake, aliyeendesha shughuli za kila siku, alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye siasa. Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho uliwahi kuzunguka nchi nzima mifukoni mwa watu, kwenye noti ya shilingi 500.

Vyuo vikuu vingi vya umma vilivyofuata ni matawi ya Mlimani yaliyokatwa na kupandwa upya. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilifanywa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari katika mkoa huo huo miezi mitatu kabla. Shule ya udaktari ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1963, ilikuwa kitivo, kisha chuo kishiriki mwaka 1991, kisha chuo kikuu mwaka 2007. Chuo cha Ardhi kilipita hatua zinazofanana na kujitegemea mwaka huo huo. Mzumbe ni tofauti: ilianza mwaka 1953 kama shule ya kufunza watendaji wa serikali za mitaa, ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hakikutoka kwenye chuo chochote. Kilijengwa upya milimani, kikiuzunguka ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa mikutano ya chama tawala.

Hatua ya chuo kishiriki inastahili maelezo, maana bado ipo. Chuo kikuu kishiriki kina uongozi wake, bajeti yake na wahadhiri wake, lakini shahada anayoipata mwanafunzi hutolewa na chuo kikuu mama. DUCE ya Chang'ombe na MUCE ya Iringa, vyuo vishiriki vya elimu vilivyoanza mwaka 2005, viliundwa haraka kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zinaongezeka kuliko walimu. Cha kwanza kilichukua majengo ya chuo cha ualimu, cha pili yale ya shule ya sekondari ya Mkwawa. Mhitimu wa Mkwawa hupewa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama aliyesoma Mlimani.

Vyuo vikuu binafsi vilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1990, na vingi viliasisiwa na madhehebu ya dini. Walutheri walianzisha Tumaini. Maaskofu Wakatoliki waligeuza chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, Mwanza, kilichokuwepo tangu mwaka 1960, kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Matawi yake kadhaa baadaye yakawa vyuo vikuu vyenyewe. Waislamu nao wana chuo kikuu chao Morogoro. Zanzibar, Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani vilitangulia chuo kikuu cha serikali, SUZA, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2001 na ambacho kimeimeza TAKILUKI, taasisi ya siku nyingi ya kufundisha Kiswahili kwa wageni. Kwa kipindi fulani vyuo viliota kama uyoga. Kisha TCU ikaanza kukagua maabara, maktaba na idadi ya wahadhiri wenye shahada za uzamivu. Baadhi ya vyuo vikazuiwa kudahili, vingine vikafutiwa hati kabisa na wanafunzi wake kuhamishwa. Ukaguzi huo uliwaumiza waliokuwa katikati ya masomo, lakini ulichelewa kuliko ulivyokosea.

Aina mbili nyingine zinasimama peke yake. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa kupitia vituo vya mikoani. Wanafunzi wake wengi ni watu walioajiriwa, wenye familia, na wasioweza kuacha kazi miaka mitatu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha iko upande wa pili kabisa: haina wanafunzi wa shahada ya kwanza, inapokea wa uzamili na uzamivu peke yao, hasa katika sayansi na uhandisi.

Ndani ya chuo kikuu, kitengo cha msingi ni idara. Idara kadhaa huunda kitivo, shule kuu au ndaki, na kiongozi wake huitwa amidi au rasi kulingana na ukubwa wa kitengo. Juu yao yuko Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake, mmoja wa taaluma, mwingine wa mipango na fedha au utafiti. Mkuu wa Chuo mwenyewe haendeshi chuo. Huonekana siku ya mahafali akiwa amevaa joho zito, hutamka maneno ya kutunuku, na kurudi zake. Katika taasisi kama CBE mambo ni kinyume: mkuu wa chuo ndiye bosi anayeingia ofisini kila asubuhi. Nchini Kenya, kwa miongo mingi, rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, na wahitimu wa enzi ya Rais Moi wanakumbuka kutunukiwa na yeye mwenyewe.

Maisha ya mwanataaluma huanzia kwenye matokeo ya shahada ya kwanza. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia wastani wa alama wenye kilele cha 5.0, na anayetaka kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.8. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, kwa hiyo sharti hilo linawachukua pia wale wa daraja la pili la juu, ila siyo wote. Mkufunzi msaidizi huendesha semina, husimamia mitihani na kusahihisha majaribio. Katika somo kama DS, yaani masomo ya maendeleo, ambalo wanafunzi wa fani nyingi pale Mlimani hulisoma, mhadhara huwa na mamia ya wanafunzi, wengine wamekaa kwenye ngazi za ukumbi. Wao humjua mkufunzi msaidizi wa semina kuliko mhadhiri mwenyewe. Ndiye wanayemlilia wakihofia sapu, yaani mtihani wa marudio, na ndiye anayegundua mwaka unaofuata kwamba hawapo kwa sababu wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli.

Akipata uzamili, nao kwa wastani usiopungua 4.0, hupandishwa kuwa mhadhiri msaidizi. Hapo ndipo wengi hukwama kwa miaka. Cheo cha mhadhiri kinahitaji shahada ya uzamivu, na uzamivu unahitaji fedha, msimamizi mwenye muda, na mtu asiyezidiwa na vipindi vya kufundisha. Wengi wa kizazi kilichotangulia waliusomea Ujerumani, Sweden, Norway au Uholanzi kwa ufadhili wa nchi hizo. Sasa wengi zaidi husoma nyumbani.

Tasnifu ikikamilika hupelekwa kwa watahini, akiwemo mmoja kutoka chuo kingine, mara nyingi kutoka nchi nyingine. Wakiridhika, hupangwa siku ya utetezi. Mtahiniwa husimama mbele ya jopo, akieleza kwa dakika chache alichokitafuta, alivyokitafuta na alichokipata, kisha maswali huanza. Swali linaloangusha watu si lile gumu la nadharia, bali lile jepesi: utafiti huu umeongeza nini ambacho hakikujulikana? Baada ya hapo mtahiniwa hutolewa nje, mlango hufungwa, na wajumbe hujadiliana. Anayeitwa tena ndani kwa kawaida huambiwa amefaulu kwa sharti la kufanya masahihisho, ambayo yanaweza kuwa ya wiki mbili au ya miezi sita. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani, TATAKI, tasnifu huandikwa na kutetewa kwa Kiswahili. Fani nyingine zinatumia Kiingereza.

Kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa kamili, hakuna mtihani tena. Kuna faili. Mwombaji hukusanya makala zake zilizochapishwa katika majarida yanayotambulika, sura za vitabu na vitabu, na kuziwasilisha idarani. Makala hupelekwa kwa wasomi wa vyuo vingine ambao huzisoma na kuzipa alama bila mwombaji kujua ni nani. Ripoti zao hurudi, hupita kamati ya idara, ya ndaki, ya chuo, na mwisho baraza. Kati ya cheo na cheo hupita miaka isiyopungua mitatu, na faili likikosa ripoti moja linaweza kulala mezani mwaka mzima. Ubora wa ufundishaji nao hupimwa, kwa dodoso wanazojaza wanafunzi mwishoni mwa muhula, lakini hakuna aliyewahi kuwa profesa kwa sababu ya dodoso nzuri. Mhadhiri anayefundisha vizuri na kuandika kidogo hustaafu akiwa mhadhiri.

Mfumo huu una kasoro zinazojulikana. Umezalisha soko la majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote kwa malipo, na kamati za vyuo zimelazimika kuyakataa. Pia unawabana watu wa fani ambazo majarida yake ni machache. Mtaalamu wa Kiswahili ana majarida ya TATAKI, *Kiswahili* na *Mulika*, na mengine machache. Mwenzake wa kemia ana mamia. Zaidi ya hayo, waandishi wawili au watatu wakiandika makala moja, alama katika vyuo vingi hugawanywa, jambo ambalo watu wa sayansi, wanaofanya kazi kwa makundi maabara, hulilalamikia.

Kwa kuwa cheo hupatikana hivyo, neno "profesa" nchini Tanzania, Kenya na Uganda ni cheo cha kazi, halipatikani kwa kusoma. Mwenye uzamivu ni daktari wa falsafa na huitwa Dk.; akihitimu leo bado yuko ngazi tatu chini ya profesa. Shahada ya heshima ni kitu kingine: ni tuzo ya chuo kwa mtu mashuhuri, kama ile aliyotunukiwa Rais Samia Suluhu Hassan na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Novemba 2022, na haina uhusiano na ngazi hizi. Marekani hali ni tofauti. Huko mwenye uzamivu anayeanza ajira ya kudumu huitwa profesa msaidizi, na baada ya miaka kama sita hupimwa: akifaulu hupata hakikisho la ajira ambayo hawezi kuondolewa kirahisi, akishindwa huondoka. Hata hivyo walimu wengi wa Kiswahili katika vyuo vya huko hawamo kwenye njia hiyo. Wako kwenye mikataba ya kufundisha lugha, inayohuishwa kila baada ya muda. Anayepewa ofa ya kwenda huko asome mkataba wake kwa makini kabla ya kufurahia cheo.

Mwanataaluma mwenye jina hupata kazi nyingine nje ya darasa: ushauri wa kitaalamu kwa wizara na mashirika, utafiti wa pamoja na vyuo vya nje, utahini katika vyuo jirani. Kazi hizo huongeza kipato, na lawama ya wanafunzi kwamba mhadhiri haonekani ofisini mara nyingi chanzo chake ni hizo. Wapo pia walioacha alama isiyopimwa kwa faili. Walter Rodney wa Guyana aliandika kitabu chake kuhusu Ulaya na Afrika akiwa anafundisha historia Mlimani, na kilichapishwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam. Issa Shivji alijiunga na kitivo cha sheria mwaka 1970, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2006, kisha mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, nafasi ya uprofesa iliyoundwa chuoni hapo kwa ajili ya fikra za umajumui wa Afrika.

Maprofesa wa vyuo vya umma huruhusiwa kuendelea na kazi hadi umri wa miaka 65, miaka mitano zaidi ya watumishi wengi, na hata baada ya hapo vyuo huwaita kwa mikataba kwa sababu wanaoweza kusimamia uzamivu bado ni wachache. Wakutubi wa vyuo vikuu nao ni wanataaluma, wana ngazi zao zinazolingana na za wahadhiri, na hupandishwa kwa kuandika vilevile.

Nafasi za kazi katika vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Vyuo binafsi hutangaza vyenyewe. Kwa mwanafunzi, TCU na NACTVET hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaotaja vyuo vinavyotambulika na kozi zilizoidhinishwa, pamoja na sifa za kujiunga. Chuo kisichokuwemo kwenye mwongozo huo hakistahili kulipwa ada, hata kama kibao chake kimeandikwa kwa herufi kubwa namna gani.